Kemo kabla ya kisu: uchambuzi wa kisa cha saratani ya ulimi Bukavu

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 56, mfanyabiashara wa maharage kutoka upande wa Walungu, karibu na mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Amevuta tumbako tangu ujana na hunywa kanyanga, pombe kali ya kienyeji, karibu kila jioni. Kidonda kilianza ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto, miezi minane kabla hajafika mjini. Alipewa maji ya kusukutua, akapewa viuavijasumu mara tatu, akang'olewa gego lililodhaniwa linamkwaruza, kisha akaenda kwa mtu wa miti-shamba. Anapofika hospitali ana kilo 54, naye alikuwa na 63 nusu mwaka uliopita. Mate yanamtoka, ulimi hautoki nje ya meno, na sikio la kushoto linamuuma ingawa ndani ya sikio hakuna kitu. Maumivu ya sikio lisilo na ugonjwa kwa mtu mwenye kidonda cha ulimi yanatosha kumfanya mganga aache kuandika dawa ya kusukutua, kwa sababu mshipa wa fahamu unaotumikia ulimi na ule wa sikio hutoka kwenye shina moja.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Mgonjwa amejengwa kutokana na sura ambayo wagonjwa wengi wa Kivu huja nayo, na si mtu mmoja anayeweza kutambulika. Vipimo vya dawa na taratibu ndivyo vinavyotumika kweli.

Kidonda kina urefu wa sentimita 4.8 na upana wa 3. Kimekaza, kingo zake zimeinuka, na kidole kikikipapasa kinahisi ugumu unaoingia sakafu ya mdomo na kurudi nyuma kuelekea koo. Kidole hicho ni chombo muhimu kuliko taa. Jicho linaona jeraha, lakini ni kidole kinachojua lilipoishia. Shingoni, chini ya taya kushoto, kuna tezi moja ya sentimita 2.8 inayosogea. Biopsi, yaani kipande cha nyama cha kupimwa, ilichukuliwa ukingoni, mahali nyama hai inapokutana na kidonda, si katikati penye uozo ambapo patholojia, maabara inayochunguza nyama kwa darubini, hujibu "nyama iliyokufa" na wiki tatu zikapotea. Kipande kiliwekwa katika formalini ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kipande. Jibu: kansa ya seli bapa. Skana ya shingo na kifua inaonyesha kina cha milimita 16, mapafu masafi, na ukingo wa nyuma wa uvimbe ukigusa valekula, kile kishimo kilicho kati ya shina la ulimi na kifuniko cha koo.

Kwa toleo la nane la AJCC, mfumo wa kupanga hatua za saratani ambamo T ni uvimbe na N ni tezi, uvimbe unaozidi sentimita 4 na kina cha zaidi ya milimita 10 ni T4a. Tezi moja ya upande uleule isiyozidi sentimita 3 na isiyopasuka gamba ni N1. Hatua ni IVA.

Kwa nini si kisu moja kwa moja

Swali hili lazima lijibiwe kwa maandishi kwenye faili kabla dawa yoyote haijaagizwa, maana jibu la kawaida kwa saratani ya ulimi ni kisu kwanza. Mionzi hufuata pale ugonjwa ulipokuwa mkubwa au patholojia ilipoonyesha hatari. Kemo (dawa za kuua chembe za kansa) ya kabla ya upasuaji imejaribiwa kwa miongo mingi. Mwaka 2003 timu ya Milano ilichapisha jaribio la wagonjwa 195 wa kansa ya mdomo: waliopata dawa za kemo sisplatini na 5-FU kabla ya kisu hawakuishi muda mrefu kuliko waliopasuliwa moja kwa moja, ingawa wachache zaidi kati yao walikatwa taya, asilimia 31 dhidi ya 52. Mwaka 2013 timu ya Shanghai ilijaribu dawa tatu kwa wagonjwa 256 wa hatua ya III na IVA. Maisha hayakurefuka hapo pia.

Kwa hiyo mtu mwenye uvimbe wa sentimita 3 unaokatika vizuri akipewa kemo kwanza, amepewa sumu na ucheleweshaji bila faida. Hilo tunalisema kwa uzito kwa sababu mjini kwetu kishawishi ni kikubwa. Chumba cha upasuaji kina foleni, daktari bingwa yuko safarini, familia inatafuta pesa, na dawa iko kwenye farmasi. Kemo inageuka kuwa chumba cha kungojea. Uvimbe unapungua kidogo, kila mtu anapumua, miezi inapita, na chembe zilizobaki ni zile zilizokwisha kuishinda dawa.

Mgonjwa wetu ana sababu nyingine. Uvimbe ukigusa valekula, mpasuaji anayetaka sentimita moja ya nyama safi nyuma yake analazimika kutoa ulimi wote, na pengine kisanduku cha sauti pia, huku bado ana shaka kama ukingo utatoka safi. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, ambako kansa ya mdomo ni mzigo wa kila siku, iliripoti mwaka 2014 wagonjwa 721 ambao uvimbe wao haukuweza kukatwa kitaalamu. Baada ya kemo, asilimia 43 walifikia hali ya kuweza kupasuliwa. Hapo ndipo kemo ya kwanza ina kazi halali: kurudisha ukingo wa nyuma mahali kisu kinapofika. Lengo liliandikwa kwenye faili hivi: "Mizunguko miwili. Valekula ikiachiwa, upasuaji. Isipoachiwa, hakuna mzunguko wa tatu." Tarehe ya chumba cha upasuaji iliwekwa siku ileile kemo ilipoagizwa.

Kuna pia pembrolizumabi, dawa inayoamsha kinga ya mwili, ambayo Marekani iliidhinisha Juni 2025 itolewe kabla na baada ya upasuaji wa kansa za kichwa na shingo zenye alama ya PD-L1, protini inayosaidia uvimbe kuikwepa kinga. Dozi mbili kabla ya kisu, nyingine nyingi baada yake. Kwa bei yake, familia ya Walungu haiwezi kuianza na kuimaliza, na kuianza bila kuimaliza si mpango.

Kabla ya tone la kwanza

Siku kumi zilitumika kumwandaa. Aliyepoteza asilimia 14 ya uzito katika miezi sita akipigwa dawa tatu kali bila kulishwa anaweza kufa kwa matibabu kabla ya ugonjwa. Mpira wa pua wa namba 14 uliwekwa. Chakula hakikuanzishwa kwa wingi: siku za mwanzo ni kalori 10 kwa kilo, pamoja na thiamini kabla ya uji wa kwanza, huku potasiamu, fosfati na magnesiamu vikipimwa, kwa kuwa mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla huvuta madini hayo kutoka damuni na moyo ukaharibika mapigo. Kisha polepole hadi kalori 30 kwa kilo, yaani takriban 1,600 kwa siku, na protini gramu 65 hadi 80. Uji wa soya na mahindi, maziwa ya unga, mafuta ya mawese kijiko kwa kijiko, sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) waliokaushwa na kusagwa hadi kuwa unga laini. Kila kitu kinachujwa kwa kitambaa, na mpira unasukumwa na mililita 30 za maji kabla na baada ya mlo. Mipira mingi huziba kwa uji wa kawaida usiochujwa, kisha mgonjwa anakaa siku mbili bila chakula akisubiri mpira mwingine.

Meno mabovu mawili yaling'olewa siku hizohizo, ili fizi zipone kabla chembe nyeupe za damu hazijashushwa na kemo. Vipimo vya VVU na hepatitisi B vilifanywa. Hepatitisi B iliyolala huweza kuamka chini ya kemo na kuua ini, kwa hiyo mwenye nayo huanzishiwa tenofoviri kwanza. Huyu hakuwa na mojawapo. Hemoglobini 9.8. Kreatinini, taka ya misuli inayopimwa damuni kujua kazi ya figo, ni 0.9, na hapa wengi hukosea: wanaona namba iko ndani ya mipaka wanaendelea. Kwa mtu aliyekonda kreatinini hudanganya, maana misuli inayoitoa imepungua. Hesabu inayofaa ni 140 kutoa umri, mara uzito, gawanya kwa 72 mara kreatinini: 84 × 54 ÷ 64.8, sawa na mililita 70 kwa dakika. Chini ya 50 sisplatini isingetolewa, na kati ya 50 na 60 ingehitaji mjadala.

Jambo la mwisho la maandalizi ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo haligharimu karibu kitu. Chini ya usingizi wa dawa, wakati koo na umio vikikaguliwa kama kuna kansa ya pili, mpasuaji alichoma nukta za wino safi wa tatuu katika pande nne za uvimbe, nusu sentimita nje ya ukingo unaohisika kwa kidole. Picha zilipigwa pamoja na rula. Uvimbe ukijibu dawa haurudi nyuma kama maji ya ziwa yanavyoacha ufuo. Hukatika vipande, na visiwa vya chembe hai hubaki ndani ya nyama inayoonekana kupona. Bila wino, wiki sita baadaye mpasuaji atakata kwa kufuata anachokiona, naye ataacha kansa ndani. Vifaa vya kutoboa koo viliwekwa tayari wakati wa usingizi huo, kwa sababu ulimi mgumu hausogei kumpisha mwenye kuweka bomba la hewa.

Mzunguko wa kwanza

Urefu sentimita 168, uzito 54. Eneo la uso wa mwili, ambalo dozi hupimwa kwalo, ni mzizi wa pili wa (168 × 54 ÷ 3600), yaani mita za mraba 1.59. Dosetakseli miligramu 75 kwa kila mita ya mraba, sisplatini vilevile: 119 kwa kila moja. 5-FU miligramu 750 kwa mita ya mraba kwa siku, siku tano mfululizo bila kukatika: takriban 1,190 kwa siku, 5,950 kwa jumla. Mzunguko unarudiwa kila siku 21.

Deksamethasoni miligramu 8 asubuhi na jioni ilianza siku moja kabla, kwa siku tatu, ili dosetakseli isilete mzio na kuvimba mwili. Dhidi ya kutapika: ondansetroni, deksamethasoni hiyohiyo, na olanzapini miligramu 5 usiku kwa siku nne. Olanzapini ni dawa ya bei ndogo na farmasi nyingi zinayo. Anayetapika sisplatini siku tatu anapoteza maji, na figo hulipa.

Siku ya kwanza dosetakseli iliingia kwa saa moja. Kisha lita moja ya serumu ya chumvi 0.9% yenye magnesiamu salfeti gramu 2 na potasiamu milimoli 20, ndani ya saa mbili. Ndipo sisplatini, ndani ya serumu ya chumvi, si ya sukari peke yake, kwani bila kloridi ya kutosha dawa huharibika ndani ya mfuko. Sindano na viungo vyenye alumini havigusi sisplatini. Kisha lita nyingine. Mkojo ulipimwa kwa chupa yenye alama, lengo mililita 100 kwa saa. Mkojo ukipungua, tatizo hutatuliwa usiku uleule kitandani.

5-FU ndiyo inayoleta shida kubwa zaidi katika mji ambao umeme hukatika. Pampu ya umeme ikizimika usiku hakuna anayejua dawa iliyoingia. Njia iliyochaguliwa ni pampu ya puto, chupa yenye mfuko wa mpira unaojibana wenyewe: mililita 240, kasi ya 2 kwa saa, saa 120. Dawa ya 50 mg kwa mililita ni mililita 119, na serumu ya chumvi 121. Inahitaji katheta ya mshipa mkubwa. Kile kizuizi kidogo cha mtiririko kinabandikwa juu ya ngozi, kwa sababu kasi yake imepimwa kwa joto la mwili.

Pasipo puto, watu hutumia mfuko wa lita moja kwa saa 24 na kuhesabu matone. Hesabu ni rahisi: mililita 42 kwa saa, matone 14 kwa dakika kwa seti ya matone 20. Ugumu uko kwenye usiku. Mgonjwa anageuka, mkono unanyooka, mfuko wa saa 24 unaisha kwa saa sita. 5-FU iliyoingia haraka hivyo hushusha chembe nyeupe na kuchubua utumbo, na dawa ya kuiokoa haipatikani hapa. Kama wodi haina muuguzi wa kuhesabu matone kila saa usiku kucha, maoni yetu ni kuacha 5-FU na kutumia dosetakseli na sisplatini peke yake, hata kama dawa tatu hupunguza uvimbe zaidi. Maumivu ya kifua wakati 5-FU inaingia ni amri ya kuifunga papo hapo, kwani hubana mishipa ya moyo. Na mgonjwa anayepata vidonda vikali vya mdomo na kuhara siku ya nne au ya tano, mapema kuliko ilivyo kawaida, huenda ni wa wale wachache ambao mwili wao hauwezi kuivunja. Huyo hapewi tena.

Siku ya tisa

Alitoka siku ya saba. Alipewa filgrastimu, sindano ya kuongeza chembe nyeupe? Hapana. Siprofloksasini ya kinga, 500 mg mara mbili kwa siku kuanzia siku ya tano hadi ya kumi na tano, iliandikwa lakini familia haikuinunua, kwa kuwa haikueleweka kwamba ilikuwa sehemu ya tiba. Siku ya tisa jioni mwili ukawa wa moto. Jirani alisema malaria, na kwa mtu mwingine yeyote angekuwa na haki ya kuanza kuwaza hivyo. Farmasi ya mtaani ilitoa dawa ya malaria na sindano ya diklofenaki ya kushusha homa.

Makosa mawili yamo katika kitendo hicho kimoja. Homa ya siku ya saba hadi ya kumi na nne baada ya dosetakseli ni maambukizi ya damu hadi ithibitike vingine, na mgonjwa asiye na chembe nyeupe anaweza kufa kabla jua halijachomoza. Diklofenaki juu ya figo zilizopitiwa na sisplatini ni njia fupi ya kuziua. Asubuhi aliletwa kwa pikipiki: joto 38.6, shinikizo 90 kwa 50, nyutrofili (chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu) 320 tu. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu. Kiuavijasumu cha sefepimi gramu 2 kila saa nane ilianza ndani ya saa moja, kabla majibu ya damu hayajarudi, pamoja na serumu. Zoea la hospitali nyingi lingeongeza jentamisini. Hapa iliachwa makusudi: jentamisini na sisplatini zote huumiza figo na masikio, na kuziweka pamoja ni kumwongezea mgonjwa uziwi. Kreatinini ilipanda hadi 1.3 ikarudi 1.0. Siku ya 14 nyutrofili zilifika 1,900.

Kilichobadilika kwa mzunguko wa pili: dosetakseli ikashushwa hadi miligramu 60 kwa mita ya mraba, yaani 95. Filgrastimu mikrogramu 300 kwa siku ikaanza siku ya saba, saa ishirini na nne na zaidi baada ya 5-FU kwisha, kwa kuwa ikitolewa pamoja na kemo huziamsha chembe changa ili ziuawe. Siprofloksasini ikanunuliwa na kukabidhiwa kabla ya kuruhusiwa. Mgonjwa hakurudi Walungu kati ya siku ya sita na ya kumi na sita. Alikaa kwa mpwa wake katika mtaa wa Kadutu, Bukavu, akiwa na kipimajoto na kijikaratasi chenye sentensi tatu: joto likifika 38 njoo hospitali, usiku hata mchana. Usimeze wala usidungwe diklofenaki au ibuprofeni. Mwonyeshe kila mganga karatasi hii. Kusukutua mdomo mara nne hadi sita kwa siku: kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti katika lita ya maji yaliyochemshwa na kupozwa.

"Munataka kukata nini tena?"

Siku ya 18 ya mzunguko wa pili skana ilirudiwa. Urefu kutoka 4.8 hadi 2.9, upungufu wa karibu asilimia 40, na valekula imeachwa wazi. Ulimi unatoka nje ya meno kidogo, maumivu ya sikio yamekwisha, uzito kilo 57. Kitabibu hayo ni mafanikio, na ndipo matibabu mengi huvunjika. Binti mkubwa ndiye aliyeuliza: "Dokta, papa anakunywa uji yeye mwenyewe, maumivu imeisha. Munataka kukata nini tena?"

Swali hilo halikutokana na ujinga. Familia imeona kwa macho kwamba dawa inafanya kazi, na inaogopa kisu kinachochukua ulimi wa mzazi. Jibu lilianza kwa picha mbili zenye rula, ya kwanza na ya sasa, zikaonyeshwa na nukta za wino. "Mama, dawa imepunguza ugonjwa, haijaumaliza. Ndani ya hizi alama bado uko. Tukingoja, utarudi, na mara hiyo dawa haitaukamata." Mgonjwa mwenyewe aliulizwa peke yake kwanza, kisha mbele ya wakubwa wa familia, maana kuna wanaokubali mbele ya kaka zao na kutoroka usiku. Alielezwa kwamba atabaki na zaidi ya nusu ya ulimi, sauti itakuwa nzito lakini watu wa nyumbani watamwelewa, na kumeza kutahitaji kujifunza upya. Alikubali. Mazungumzo haya yalipaswa kufanyika kabla ya kemo, na kwa sehemu yalifanyika. Mtu aliyeambiwa siku ya kwanza kwamba uvimbe utapungua na kwamba hata ukipungua atapasuliwa, hashtuki.

Kama valekula isingeachiwa, mpango ulikuwa mwingine: methotreksati ya kunywa miligramu 15 kwa mita ya mraba mara moja kwa wiki na selekoksibi 200 mara mbili kwa siku, kama utafiti wa Mumbai wa 2020 ulivyoonyesha kwamba hushinda sisplatini kwa wasioweza kuponywa, pamoja na morfini ya maji. Mara moja kwa wiki, si kila siku. Methotreksati ya kila siku huua.

Upasuaji

Ulifanyika siku ya 26 tangu mzunguko wa pili uanze, nyutrofili 3,100, chembe sahani zinazogandisha damu 210,000, uniti mbili za damu tayari. Mapema kuliko wiki tatu damu haijasimama. Ukipita wiki tano au sita uvimbe huanza kurudi. Koo lilitobolewa. Tezi za shingo zilitolewa pande zote mbili, kwa kuwa uvimbe ulikaribia mstari wa kati. Hata shingo isiyo na uvimbe haiachwi: jaribio la Tata Memorial la 2015 lilionyesha kwamba kwa kansa za mwanzo za mdomo, waliotolewa tezi pamoja na uvimbe walikuwa hai kwa asilimia 80 baada ya miaka mitatu, dhidi ya 67.5 kwa waliongojewa mpaka tezi zijitokeze. Ulimi ulikatwa nje ya nukta za wino, si kwa kufuata kovu.

Pengo lilizibwa kwa nyama na ngozi ya kifua, zikivutwa na mshipa wake chini ya ngozi ya shingo. Haihitaji darubini wala mishono ya mishipa midogo, na kwa mji usio na timu hiyo ndilo chaguo la busara. Huharibika kwa sababu ya kijinga kabisa: kamba ya bomba la koo ikifungwa kuzunguka shingo hubana mshipa unaolisha nyama ile, na asubuhi imekuwa nyeusi. Bomba lishonwe kwenye ngozi, kamba isifungwe, na rangi ya nyama iangaliwe kila saa kwa siku nzima ya kwanza.

Kipande kilienda patholojia kikiwa na nyuzi za kuonyesha mbele, nyuma na kina, na karatasi iliyosema wazi kwamba kemo ilitangulia. Majibu: ukingo safi ulio mwembamba kuliko wote ni milimita 6 (5 ndicho kiwango kinachotakiwa), visiwa vya kansa hai vilivyotawanyika ndani ya makovu, kimoja milimita 3 tu kutoka nukta ya nyuma, nyuzi za fahamu zimevamiwa, tezi moja kati ya 34 ina ugonjwa, gamba lake halijapasuka. Angekatwa kwa kufuata sentimita 2.9 zilizoonekana, kisiwa kile kingebaki mdomoni.

Kigali

Mionzi huamuliwa kwa hatua ya mwanzo, ile ya kabla ya kemo. Patholojia iliyopendeza haiifuti T4a. Gray 60 (gray ni kipimo cha mionzi) katika vikao 30, vitano kwa wiki, na ianze ndani ya wiki sita baada ya kisu. Kama ukingo ungekuwa na kansa au gamba la tezi limepasuka, sisplatini ingeongezwa sambamba na mionzi, kama majaribio mawili makubwa ya 2004, la Marekani na la Ulaya, yalivyothibitisha. Hakuihitaji, na alikwisha kupokea miligramu 150 kwa mita ya mraba.

Kutoka Bukavu, mashine ya karibu iko Kituo cha Saratani cha Rwanda, hospitali ya kijeshi ya Kanombe, kinachotoa mionzi tangu 2019. Wa Lubumbashi hutazama Lusaka, nao waulize kwanza kama mashine inafanya kazi wiki hiyo. Wiki sita za kupanga chumba na kula mjini Kigali mara nyingi huzidi matayarisho ya familia, na tangu benki za Bukavu zilipofungwa mapema 2025 pesa hazitoki kwa siku moja. Kwa hiyo makisio ya gharama na miadi viliombwa kabla ya kemo ya kwanza, si baada ya mishono kutolewa. Miadi ikiombwa wakati jeraha limepona, wiki sita zimekwisha.

Bahasha iliyovuka daraja la Ruzizi ilikuwa na ripoti za patholojia mbili na vitalu vya parafini (nta iliyohifadhi vipande vya nyama), maelezo ya upasuaji, skana zote mbili kwenye diski zikiwa faili kamili na si picha zilizochapwa, picha za rula, na jedwali la kemo lenye dozi, tarehe na kreatinini. Skana ya kwanza ndiyo muhimu zaidi, kwa kuwa mpangaji wa mionzi huchora eneo kwa kufuata uvimbe ulivyokuwa mwanzoni.

Baada ya mionzi, kinachofuatwa ni hiki: mdomo na shingo kupapaswa kila mwezi hadi miezi mitatu mwaka wa kwanza, kwa sababu kansa ya ulimi inayorudi hurudi mara nyingi ndani ya miaka miwili, mazoezi ya kufungua mdomo kila siku, yakipimwa kwa milimita kati ya meno ya mbele, dawa ya meno yenye floridi, na jino lolote la eneo lililochomwa lising'olewe bila kumuuliza aliyetoa mionzi, kwani taya laweza kuoza, kipimo cha damu cha TSH kila miezi sita hadi kumi na miwili, maana tezi ya thairoidi iliyo shingoni hulegea polepole na uchovu wake hudhaniwa kuwa uzee. Tumbako na kanyanga viliulizwa katika kila miadi, na jibu likaandikwa.